Intaneti ya Nyumbani: Tuchague Vipi Kampuni na Kifurushi?



Katika kipindi hiki tumepokea maswali mengi kutoka kwa kamati za parokia na kwa familia tunazoshirikiana nazo Kimandolu na vitongoji vya jirani. Wengi wanauliza jambo moja: tufunge intaneti ya kampuni gani nyumbani, na tulipie kifurushi kipi? Swali hili linagusa fedha za watu, na mara nyingine fedha za wahisani. Tumeona ni vema tulijibu kwa kirefu katika toleo hili. Hatutawaambia mnunue kampuni fulani, kwa sababu kampuni inayofaa nyumba iliyo kando ya lami yaweza isifae nyumba iliyo bondeni, mita 300 tu kutoka hapo. Tutakachofanya ni kueleza mambo ya kuuliza, kupima na kupiga hesabu kabla ya kuweka sahihi.

Tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Ofisi yetu ndogo imo katika nyumba ya kupanga hapa Kimandolu. Tulilipia kifurushi kilichoandikwa "bila kikomo" kwa sababu bei ilivutia na jina lilivutia zaidi. Kila kitu kilikwenda vizuri hadi wiki ya mwisho ya mwezi, tulipotakiwa kutuma taarifa ya robo mwaka ya vijana tunaowalipia ada katika chuo cha ufundi. Taarifa ilikuwa na picha na risiti zilizopigwa skani, jumla yake megabaiti 300 hivi. Kasi ilikuwa imeshuka ghafla, nasi hatukujua kwa nini. Tulipakia tangu mchana hadi usiku, na kila ilipofika katikati ilikatika. Asubuhi kijana wetu alipanda daladala kwenda mjini na flashi mfukoni, lakini wahisani walikuwa wamekwisha kufunga hesabu zao za mwezi. Fedha za ada zilichelewa wiki tatu, na vijana wawili waliambiwa wabaki nyumbani hadi ada ifike. Baadaye tulisoma mkataba na kukuta sentensi moja kwa herufi ndogo: ukishatumia kiasi fulani, kasi inapunguzwa hadi mwezi uishe. Kampuni ilikuwa imeandika. Sisi hatukusoma.

TULIKOTOKA

Mkoa wetu si mgeni katika mambo haya. Katika miaka ya 1990, Arusha Node Marie, asasi iliyoanzia katika kazi za mawasiliano za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ilikuwa ikipeleka barua pepe hata kwa njia ya redio, hasa kwa vituo vya mbali visivyokuwa na simu. Baadaye zikaja sahani kubwa za satelaiti, ambazo gharama yake iliweza kubebwa na ofisi kubwa na hoteli tu, na waya wa simu wa TTCL kwa waliokuwa na simu ya mezani. Wengi wetu tulikwenda kwenye vibanda vya intaneti mjini na kulipa kwa dakika.

Mabadiliko makubwa yalikuja Julai 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi na kufika Dar es Salaam, ukifuatiwa na EASSy mwaka 2010. Serikali nayo ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaopeleka nyuzi za kioo mikoani, Arusha ikiwamo. Kwa hiyo picha unayoitazama nyumbani Kimandolu mara nyingi imepita chini ya bahari, ikapanda pwani, ikasafiri nchi kavu hadi Arusha, na mwisho ikatumia kipande kifupi cha kuingia kwako. Katika safari yote hiyo, kipande hicho kifupi ndicho unachokichagua wewe.

NJIA NNE ZA KUINGIA NYUMBANI

Njia ya kwanza ni faiba, yaani uzi wa kioo unaopeleka mwanga hadi ndani ya nyumba. Kasi yake ni kubwa na hutulia, na haiyumbishwi na mvua kama mawimbi ya hewani. TTCL wana huduma waliyoiita Faiba Mlangoni Kwako, na zipo kampuni binafsi zinazotoa faiba katika miji mikubwa. Udhaifu wake ni kwamba hufika pale tu nguzo au mtaro wa kampuni ulipofika. Nyumba zilizo karibu na barabara kuu ya Moshi–Arusha zina nafasi nzuri kuliko zilizo ndani kuelekea mteremko wa Suye. Usikubali jibu la "tunafika Arusha". Uliza: "Mnafika kwenye geti langu?"

Njia ya pili ni antena ya paa. Kampuni ina mnara, nawe unafungiwa kisahani kidogo kinachotazamana na mnara huo. Ni huduma nzuri iwapo hakuna kilima, ghorofa wala miti mirefu katikati. Kumbukeni kwamba mti uliopandwa mwaka huu utakuwa mrefu baada ya miaka mitatu.

Njia ya tatu ni mtandao wa simu za mkononi, yaani 4G na sasa 5G, kupitia ruta inayowekwa laini. Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL na Yas (iliyokuwa ikiitwa Tigo hadi mwaka 2024) wote wako katika biashara ya data. Vodacom walizindua 5G nchini mwaka 2022, na Airtel mwaka 2023, ingawa 5G haijafika kila mtaa. Ubora wa njia hii ni kwamba hakuna fundi wa kusubiri, na ukihama unahama na ruta yako. Udhaifu wake ni kwamba mnara mmoja unahudumia watu wengi, hivyo saa 2 usiku kila mtu akiwa nyumbani kasi hushuka.

Njia ya nne ni satelaiti. Satelaiti za zamani zinakaa umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, kwa hiyo sauti huchelewa karibu nusu sekunde kwenda na kurudi, na mazungumzo ya video huwa ya kugongana. Satelaiti mpya huzunguka chini zaidi, kilomita mia kadhaa tu, na ucheleweshaji ni mdogo sana. Wenzetu wa Kenya walianza kupata huduma ya Starlink Julai 2023. Kwa upande wetu ushauri ni mmoja: kabla ya kununua sahani yoyote, ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kama mwenye huduma ana leseni ya kuitoa hapa nchini. Sahani iliyopitishwa mpakani kwa magendo yaweza kuwa hasara tupu.

PIMA MAHITAJI KABLA YA KUULIZA BEI

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuanza na bei. Anza na matumizi ya nyumba yako. Chukua karatasi na uandike nani anatumia nini, kwa saa ngapi. Makadirio haya yatakusaidia: video ya ubora wa kawaida hula gigabaiti 0.7 hivi kwa saa. Video ya ubora wa juu yaweza kufikia gigabaiti 3 kwa saa. Mkutano wa video hula gigabaiti 1 hivi kwa saa, na zaidi washiriki wakiwa wengi. Ujumbe wa maandishi hauli chochote cha kuhesabu, lakini picha na video zinazozunguka kwenye makundi ya simu hula sana.

Tuchukue nyumba ya mfano. Mwanafunzi anasoma kwa video saa 1 kwa siku, siku 22 za mwezi: gigabaiti 15.4. Mama ni mhazini wa kamati na ana mkutano wa video wa saa 1 kila wiki: gigabaiti 4. Simu tatu za nyumbani, kila moja gigabaiti 0.3 kwa siku: gigabaiti 27 kwa mwezi. Filamu za jioni, jumla saa 8 kwa mwezi kwa ubora wa kawaida: gigabaiti 5.6. Jumla ni gigabaiti 52. Ongeza kidogo kwa ajili ya programu zinazojisasisha zenyewe, nyumba hii inahitaji kama gigabaiti 60.

Sasa angalia: zile saa 8 za filamu zikitazamwa kwa ubora wa juu, hula gigabaiti 24 badala ya 5.6. Kubadilisha mpangilio mmoja tu kwenye runinga kwaweza kukuepusha na kununua kifurushi kikubwa zaidi.

KASI: TUSICHANGANYE BITI NA BAITI

Kampuni hutangaza kasi kwa megabiti kwa sekunde, lakini mafaili yetu hupimwa kwa megabaiti. Baiti moja ina biti 8. Kwa hiyo kasi ya megabiti 10 kwa sekunde ni megabaiti 1.25 kwa sekunde, na faili la megabaiti 100 litashuka kwa sekunde 80, si kwa sekunde 10.

Tena, kasi ni mbili: ya kupakua na ya kupakia. Matangazo hutaja ile kubwa, ambayo kwa kawaida ni ya kupakua. Lakini anayetuma taarifa, anayefundisha kwa video au anayepeleka picha za mradi anategemea ya kupakia. Taarifa yetu ya megabaiti 300, kwa kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde, ingemalizika kwa dakika 8. Kwa kasi ya nusu megabiti, ambayo ndiyo tuliyobaki nayo wiki ile, ilihitaji saa 1 na dakika 20 bila kukatika hata mara moja.

Kwa familia ya kawaida, megabiti 10 kwa sekunde zilizotulia zinatosha watu wawili kutazama video nzuri huku wa tatu akiongea na ndugu aliye mbali. Neno muhimu hapa ni "zilizotulia". Tangazo likisema "hadi megabiti 50", neno "hadi" maana yake haitazidi hapo; halisemi haitapungua. Ulizeni kiwango cha chini ambacho kampuni iko tayari kukiandika.

"BILA KIKOMO" INA MAANA GANI?

Baada ya yaliyotupata, hili sasa ndilo swali letu la kwanza. Muulize wakala: "Nikitumia gigabaiti ngapi kasi itapunguzwa? Itapunguzwa hadi kiasi gani? Itarudi lini?" Akijibu kwamba haipunguzwi kabisa, mwombe akuonyeshe mahali ilipoandikwa. Kifurushi chenye kikomo kinachojulikana, kwa mfano gigabaiti 80 zilizo wazi, chaweza kuwa bora kuliko kisicho na kikomo kinachokuacha njiani tarehe 20.

Aidha, vipo vifurushi vyenye gigabaiti nyingi ambazo nusu yake hutumika usiku wa manane tu. Hizo usizihesabu, isipokuwa kama nyumba yako haina usingizi.

GHARAMA HALISI

Hapa tunatoa mfano wa hesabu. Bei hizi ni za kufikirika. Mtaweka za kwenu. Kampuni ya kwanza inataka shilingi 100,000 za kufunga, shilingi 80,000 za ruta, na shilingi 70,000 kwa mwezi. Kampuni ya pili haidai ada ya kufunga. Ruta ni shilingi 120,000 na kila mwezi shilingi 78,000. Njia ya tatu ni kununua kifurushi cha simu cha wiki kwa shilingi 20,000, na ruta mnayo tayari.

Kwa mwaka wa kwanza, kampuni ya kwanza ni shilingi 1,020,000, sawa na shilingi 85,000 kwa mwezi. Ya pili ni shilingi 1,056,000, sawa na 88,000 kwa mwezi. Na ile ya wiki? Wengi huzidisha mara 4 na kusema ni 80,000 kwa mwezi, kwa hiyo ndiyo nafuu. Lakini mwaka una wiki 52, si 48. Jumla ni shilingi 1,040,000, karibu 86,700 kwa mwezi. Hali kadhalika, kifurushi cha siku 28 hununuliwa mara 13 kwa mwaka.

Mwaka wa pili, kampuni ya kwanza inashuka hadi shilingi 840,000 na kuziacha nyingine mbali. Basi mwenye nyumba yake anufaike na faiba. Lakini mpangaji ambaye huenda akahama baada ya miezi 6 atakuwa amelipa kampuni ya kwanza shilingi 600,000, yaani 100,000 kwa mwezi, wakati kifurushi cha wiki kingemgharimu 520,000. Bei ni zile zile, na bado jibu la mpangaji halifanani na la mwenye nyumba.

Ulizeni pia: je, bei ina kodi ya ongezeko la thamani ndani yake? Ruta ni mali yetu au ya kuazima? Tukivunja mkataba kabla ya mwaka tunalipa nini? Na kwa kamati zinazotumia fedha za wahisani, risiti ya mashine ya EFD si hiari. Bila risiti, mkaguzi hatakubali maelezo.

JARIBU KABLA YA KULIPA

Kuuliza si ujinga. Mtu wa kwanza wa kuulizwa ni jirani, si wakala. Kimandolu iko kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru; ina makorongo, migomba na miti mingi, na nyumba mbili zinazotazamana zaweza kupata mawimbi tofauti kabisa. Kabla ya kununua ruta ya 4G, azima simu zenye laini za kampuni tatu, zikae sebuleni mwako, upime kasi mara tatu: asubuhi, mchana na saa 2 usiku. Andika namba zote. Ile ya usiku ndiyo ukweli. Pima pia siku ya mvua ukiweza.

Mara nyingine lawama hazistahili kwenda kwa kampuni. Ruta iliyofichwa nyuma ya friji au ndani ya kabati la chuma haitafika chumba cha mwisho. Iweke juu na katikati ya nyumba. Ruta nyingi hutoa waifai ya aina mbili: ya gigahezi 5 ni ya kasi lakini huchoka haraka kwenye kuta, ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi. Badilisha nenosiri lililokuja na ruta, la sivyo utakuwa unawalipia wapangaji wote wa kiwanja.

UMEME NA NJIA YA AKIBA

Umeme ukikatika, ruta inazima hata kama faiba ni nzima. Ruta ya kawaida hula wati 10 hivi, kwa hiyo betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, pamoja na chaja yake, yaweza kuiendesha kwa saa kadhaa. Umeme unaopanda na kushuka ni hatari zaidi: weka stabilaiza, na radi zikianza wakati wa masika chomoa kila kitu, pamoja na waya wa antena ya paa.

Tusisahau pia kwamba hakuna njia isiyokatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika baharini kusini mwa bara letu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Hivyo basi, mwenye kazi isiyoweza kusubiri awe na njia ya pili ya kampuni nyingine, hata kama ni laini ya simu yenye kifurushi kidogo. Na taarifa muhimu zitumwe siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho. Kanuni hii haina gharama, na sisi tuliijifunza kwa gharama.

HAKI ZENU

TCRA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha. Sheria hiyo pia iliunda Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, linalosimama upande wa mtumiaji. Mkiwa na malalamiko, anzeni kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi, na mtunze namba ya malalamiko mliyopewa. Msiporidhika, pelekeni TCRA nakala ya kila kitu pamoja na vipimo vyenu vya kasi. Mtu mwenye karatasi husikilizwa kuliko mwenye hasira.

Kanuni za vifurushi zilizoanza kutumika Aprili 2021 zilizitaka kampuni za simu kumpa mteja nafasi ya kuendelea kutumia salio la kifurushi akinunua kingine cha aina ile ile kabla cha kwanza hakijaisha muda, na pia nafasi ya kumhamishia mwingine wa mtandao huo huo. Wengi hawaitumii haki hii kwa kutoijua. Laini nayo isajiliwe kwa jina la mtu anayewajibika, kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole; laini ya kamati iliyosajiliwa kwa jina la kijana aliyekwisha kuhama imeleta usumbufu katika kamati zaidi ya moja.

OMBI LETU

Kwa kamati: kabla ya kusaini, ulizeni kampuni tatu, mwandike majibu yao kwenye ukurasa mmoja, na mhazini na katibu wasome mkataba wote kwa sauti katika kikao. Inachukua nusu saa. Kwa wahisani wetu: tunawashukuru kwa uvumilivu wenu, na tunaomba mnapopanga bajeti nasi muikumbuke intaneti kama mnavyokumbuka nauli na karatasi, kwa maana bila hiyo taarifa mnazozisubiri hazitafika.

Wale vijana wawili walirudi chuoni ada ilipofika, na walifidia masomo waliyokosa. Sisi tulibadilisha kifurushi, tukaweka laini ya akiba na betri, na mkataba mpya tuliusoma hadi herufi ndogo za mwisho. Tunatumaini maelezo haya yatawafanya ninyi msome kwanza, msaini baadaye.